Chakula cha fereti: geuza mfuko, kisha anza hesabu

Anayefuga fereti Leicester, Columbus au Rotterdam akiingia duka la wanyama hukuta mifuko kadhaa imepangwa rafuni, na kwenye uso wa karibu kila mmoja kuna namba kubwa ya protini. Namba hiyo kwa kawaida ni ya kweli, lakini haitoshi kuchagulia chakula. Mifuko miwili yenye protini asilimia 38 inaweza kuwa vyakula viwili visivyofanana: wa kwanza protini yake imetoka kwa kuku na samaki, wa pili sehemu kubwa imetoka kwenye njegere na mahindi. Mambo mawili yanayoamua ubora hayaandikwi mbele ya mfuko. Protini imetoka wapi? Na nafasi iliyobaki imejazwa nini?

Kwa asiyemfahamu, fereti ni mnyama mdogo wa ukoo mmoja na kicheche, nyegere na fisimaji. Amefugwa Ulaya kwa muda unaokaribia miaka 2,000, hasa kwa kuwinda sungura na panya. Jike huwa na uzito wa gramu 600 hadi 1,000, dume kilo 1 hadi 2. (Kabla hujamtafuta ukiwa Marekani, ulizia sheria: California na Hawaii hawaruhusu kumfuga, na jiji la New York pia.)

Fereti ni mla nyama halisi, hata kuliko mbwa. Utumbo wake ni mfupi sana, na hauna ule mfuko mwanzoni mwa utumbo mpana ambamo sungura huchachusha majani. Chakula kinachoingia mdomoni hutoka upande wa pili baada ya saa tatu hadi nne. Kwa muda huo mfupi nyuzinyuzi hazimeng'enywi, na wanga mwingi haupati nafasi ya kufanyiwa kazi vizuri. Ndiyo maana hula milo midogo saba hadi kumi kwa siku, na ndiyo maana chakula hafifu humwonekania haraka kuliko wanyama wengine wa nyumbani: manyoya hupauka, kinyesi huwa kingi, na misuli ya mgongoni hupungua.

Viwango vinavyokubalika na madaktari wa wanyama wadogo ni hivi: protini asilimia 30 hadi 40 na iwe ya mnyama, mafuta asilimia 15 hadi 30, nyuzinyuzi zisizidi 3. Ningeongeza cha nne ambacho lebo nyingi hazikitaji, nacho ni wanga. Chini ya asilimia 20 katika chakula kikavu ni vizuri. Kati ya 20 na 25 kinavumilika. Ukivuka 30, weka mfuko chini.

Hesabu ya wanga na unyevu

Wanga huandikwa mara chache sana, kwa hiyo unaukokotoa mwenyewe. Chukua 100, ondoa protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu. Kinachobaki ndicho wanga kwa makadirio.

Majivu ni madini yanayosalia chakula kikichomwa kabisa: kalsiamu, fosforasi na mengineyo. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza sheria inamlazimu mtengenezaji kuyaandika. Marekani hakuna sharti hilo. Mfuko wa Marekani usiotaja majivu, weka 8 kwa chakula kikavu, au 2.5 kwa cha kopo. Unyevu usipotajwa kwenye punje kavu, weka 10. Kumbuka pia kwamba namba za Marekani ni za mpaka, yaani protini "si chini ya" na nyuzinyuzi "si zaidi ya", hivyo jibu lako litakuwa la kukisia kwa tofauti ya vipande viwili vitatu. Ukitaka namba halisi, mwandikie mtengenezaji umwombe uchambuzi wa wastani wa chakula chenyewe. Kampuni makini hutuma. Ile inayokujibu kwa maneno matamu bila namba imeshakujibu.

Tuchukue vyakula vinne vya mfano, vya aina zinazopatikana madukani. Cha kwanza ni punje za fereti za kawaida: protini 36, mafuta 18, nyuzinyuzi 3, majivu 8, unyevu 10. Jumla ni 75, wanga ni 25. Cha pili ni punje zisizo na nafaka: protini 40, mafuta 20, nyuzinyuzi 4, majivu 8, unyevu 10. Wanga ni 18. Cha tatu ni punje za paka za bei nafuu za supamaketi: protini 30, mafuta 11, nyuzinyuzi 4, majivu 7.5, unyevu 10. Wanga ni 37.5, yaani zaidi ya protini yenyewe. Cha nne ni kopo la nyama: protini 11, mafuta 6, nyuzinyuzi 0.5, majivu 2.5, unyevu 78. Wanga ni 2.

Mtu akiona protini 11 kwenye kopo hulirudisha rafuni. Hapo anakosea, kwa sababu analinganisha maji na unga. Ili vyakula vyote vikae kwenye mizani moja, toa maji: gawa kila namba kwa kilichobaki baada ya unyevu, kisha zidisha kwa 100. Kopo lenye unyevu 78 lina sehemu kavu 22. Protini 11 kwa 22 ni asilimia 50. Mafuta 6 kwa 22 ni asilimia 27. Wanga 2 kwa 22 ni asilimia 9. Punje za kwanza, zikitolewa unyevu wa 10, zina protini 40, mafuta 20 na wanga karibu 28. Kopo ndilo lililo karibu zaidi na panya mzima, ambaye akikaushwa huwa na protini inayozidi nusu ya uzito, mafuta karibu robo, na wanga kidogo mno.

Kwa nini basi punje zina wanga hata zile za bei kubwa? Kwa sababu ya mashine. Unga wa chakula hupitishwa kwenye mtambo wa joto na msukumo unaouivisha na kuufurisha, na kinachoshikamanisha punje isivunjike ni wanga ulioiva. Ukipunguza sana wanga, punje huwa vumbi ndani ya mfuko, au mtengenezaji atafute gundi nyingine. Swali ni kiasi gani, na wa nini: mchele, mahindi, viazi, muhogo au njegere.

Majivu nayo yana habari ya kutoa. Punje kavu zikiwa na majivu 7 au 8 hakuna shida. Yakipanda kuelekea 10 na zaidi, mara nyingi unga wa nyama uliotumika ulikuwa na mifupa mingi na misuli michache.

Protini imetoka wapi

Maabara haipimi protini moja kwa moja. Inapima naitrojeni, kisha inazidisha kwa 6.25. Kipimo hicho hakitofautishi paja la kuku, unyoya, njegere wala sumu. Mwaka 2007 Marekani na Kanada zilishuhudia matokeo yake kwa uchungu: gluteni, yaani protini ya ngano, iliyotoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, ili ionekane ina protini ya kutosha. Mbwa na paka walikufa kwa figo kushindwa kazi, na chapa nyingi zilirudishwa kutoka madukani kuanzia Machi mwaka huo. Namba ya protini ilikuwa nzuri muda wote.

Kwa hiyo baada ya hesabu, shuka kwenye orodha ya viambato. Vinapangwa kwa uzito, kizito kwanza, na uzito huo hupimwa kabla ya kupika. Hapa ndipo wengi wanapopotezwa. "Kuku mbichi" akiwa wa kwanza inaonekana vizuri, lakini kuku mbichi ni maji kwa karibu asilimia 70. Gramu 100 zake zikikaushwa zinabaki kama 30. "Unga wa kuku" tayari umekaushwa na kutolewa mafuta, na gramu 100 zake zinabaki karibu zilezile. Mfuko wenye kuku mbichi wa kwanza, kisha njegere, kisha wanga wa njegere, kwa hakika ni mfuko wa njegere. Mfuko wenye unga wa kuku wa kwanza na unga wa samaki wa pili ni wa nyama, hata kama jina lake halivutii.

Angalia pia kugawanywa kwa kiambato kimoja. Njegere nzima, protini ya njegere, wanga wa njegere na nyuzi za njegere vikiandikwa mbalimbali, kila kimoja hushuka chini ya orodha, na nyama hubaki juu. Vijumlishe kichwani. Ukikuta majina matatu ya mmea mmoja ndani ya viambato nane vya kwanza, mmea huo ndio mwenye mfuko.

Chumvi ni alama nzuri ya mpaka. Kwa kawaida haifiki asilimia 1 ya chakula, basi chochote kilichoandikwa baada yake kipo kwa kiasi kidogo zaidi ya hapo. Zabibu za msituni, mwani, mizizi na maua yanayopamba mbele ya mfuko mara nyingi yako huko chini, na fereti hayahitaji.

Kuhusu matumbo, maini, mapafu na shingo za kuku, sina ugomvi navyo. Mwindaji huanza na ini. Tatizo ni jina lisilotaja mnyama. "Mazao ya kuku" najua ni ya nani, lakini "nyama na mazao ya wanyama", maneno yanayoruhusiwa Ulaya, yanaweza kuwa ya ng'ombe mwezi huu na ya nguruwe mwezi ujao, kulingana na bei sokoni. Kwa mnyama anayegoma kula chakula kikibadilika harufu, hilo si jambo dogo. Na kwenye makopo ya Ulaya, "yenye kuku" maana yake kuku ni angalau asilimia 4. Marekani neno hilohilo linahitaji asilimia 3 tu. Kopo "lenye kuku" linaweza kuwa karibu lote ni kitu kingine.

Njegere, mahindi na vijiwe

Hili linastahili nafasi, kwa sababu ndipo chakula kibaya kinapogeuka kuwa upasuaji.

Protini ya mnyama huufanya mkojo wa fereti uwe na asidi, na protini ya mimea husukuma mkojo kuelekea upande wa alkali. Mkojo ukiwa wa alkali, magnesiamu, amonia na fosfeti hugandana kuwa vijiwe vya struviti. Ndilo lililokuwa tatizo kubwa la vyakula vya zamani vilivyotegemea mahindi. Dume ndiye anayeumia zaidi kwa kuwa mrija wake wa mkojo ni mwembamba. Ukimwona anajikamua bila mkojo kutoka, analamba sehemu za siri mfululizo, au anatoa matone yenye damu, hiyo ni dharura ya saa hizo hizo, usisubiri asubuhi.

Watengenezaji walipoondoa nafaka, wengi waliweka njegere, adesi na dengu mahali pake. Lebo ikapendeza: hakuna mahindi, protini imepanda, nyuzinyuzi kidogo juu. Lakini protini iliyopanda ilikuwa ya jamii ya kunde. Kisha vijiwe vya aina nyingine vikaongezeka. Kati ya vijiwe vya fereti 435 vilivyochunguzwa katika kituo cha Minnesota kati ya 1992 na 2009, 70 vilikuwa vya sistini, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Katika miaka iliyofuata, sistini ilipanda Marekani hadi kuizidi struviti. Sababu mbili zinajadiliwa na madaktari. Moja ni urithi, maana fereti wengi wa Marekani wanatoka kwenye mashamba machache ya uzalishaji. Ya pili ni vyakula visivyo na nafaka vyenye kunde nyingi. Uhusiano na kunde bado ni dhana. Hata hivyo kwangu dhana hiyo inatosha kuamua ununuzi, kwa kuwa fereti hapotezi chochote akikosa njegere.

Kwa mbwa nako kuna onyo la aina hii: Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza uchunguzi wa ugonjwa wa moyo kupanuka kwa mbwa waliolishwa vyakula vyenye kunde au viazi vingi. Uchunguzi ule haukuwa wa fereti, na sitaki mtu autumie kana kwamba ulikuwa wa fereti.

Kanuni ninayoitumia ni rahisi. Mchele kidogo baada ya viambato vitatu vya nyama naukubali kuliko majina matatu ya njegere. Neno "bila nafaka" lisikupumbaze. Linakwambia kilichotoka, na halikwambii kilichoingia.

Mafuta na taurini

Mafuta ndiyo nishati kuu ya fereti. Yakiwa chini ya asilimia 15 mnyama hukonda na ngozi hukauka. Mafuta ya kuku yenye jina ni bora kuliko "mafuta ya wanyama". Kihifadhi kiwe tokoferoli, yaani vitamini E. Umoja wa Ulaya ulisimamisha matumizi ya ethoksikwini, kihifadhi cha kemikali, kwenye vyakula vya mifugo mwaka 2017, ila nje ya Ulaya inaweza kuingia kupitia unga wa samaki bila kutajwa kwenye lebo, basi uliza.

Taurini ni asidi amino iliyopo kwenye nyama, na kwenye mimea karibu haipo kabisa. Mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kwamba paka waliokosa taurini kwenye chakula cha viwandani walipata moyo uliopanuka na dhaifu, na wengi walipona waliporudishiwa. Tangu hapo huongezwa kwenye vyakula vya paka: kiwango cha chini cha AAFCO, chombo kinachoweka viwango vya vyakula vya wanyama Marekani, ni asilimia 0.1 kwenye punje na 0.2 kwenye makopo, kwa uzito mkavu. AAFCO haina viwango vya fereti. Kwa hiyo chakula chenye picha ya fereti hakijapimwa kwa kipimo rasmi cha fereti, na picha peke yake haikifanyi bora kuliko chakula kizuri cha paka mtoto. Nasema paka mtoto kwa kuwa kiwango chao cha chini cha protini ni 30, cha paka mkubwa ni 26. Ila mafuta, viwango vya paka huanzia asilimia 9 tu, jambo ambalo halimfai fereti. Ukinunua cha paka, mafuta yachunguze kwa macho mawili. Vyakula vya paka "wepesi", vya paka waliohasiwa wanaonenepa, na vya kuzuia mipira ya manyoya viache kabisa: mafuta yamepunguzwa na nyuzinyuzi zimeongezwa makusudi.

Chakula cha mbwa hakiingii kwenye mjadala huu. Protini haitoshi na taurini haina ulazima.

Mifuko ya kweli

Kwenye lebo za Marekani, Totally Ferret ya kawaida imeuzwa kwa protini 36 na mafuta 22, nyuzinyuzi chache. Orijen ya paka, ambayo wafugaji wengi wa fereti huitumia, huandika protini 40 na mafuta 20. Wysong Epigen 90 inapita asilimia 60 ya protini. Ukiangalia protini pekee, Wysong imeshinda na kikao kimeisha. Lakini protini inapopanda kiasi hicho mafuta hushuka kuelekea 15, na lazima usome orodha ujue protini hiyo yote ni ya nyama au imesaidiwa na protini iliyochujwa kutoka kwenye mimea. Orijen huweka nyama na samaki wengi mwanzoni, lakini adesi na njegere zimekuwemo pia, na kwa fereti mwenye historia ya vijiwe hilo ni la kujadili na daktari. Totally Ferret haina namba ya kutisha, na mgawanyo wake wa protini na mafuta ndio uliokaribia zaidi ule ninaoutafuta. Mapishi hubadilika bila tangazo. Soma mfuko ulio mkononi, si kumbukumbu ya mfuko wa mwaka jana.

Sababu hiyohiyo inanifanya nishauri kulisha aina mbili au tatu kwa pamoja tangu mnyama akiwa mdogo. Fereti hushika harufu ya chakula katika miezi yake mitatu ya mwanzo, na akishazoea kimoja tu, kingine hakitambui kuwa ni chakula. Waliotegemea Innova EVO, iliyokuwa na protini 50 kwa mafuta 22, walipata taabu chapa hiyo ilipoondolewa sokoni.

Kibichi kilichokaushwa kwa baridi

Vipande vya nyama mbichi iliyogandishwa na kukaushwa vina namba nzuri kuliko punje zote, na wanga wake ni kidogo mno. Hatari yake ni vijidudu, kwa kuwa kukausha kwa baridi hakuui bakteria wala virusi. Fereti na mafua ni watu wa karibu: mwaka 1933, London, virusi vya mafua ya binadamu vilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwa kuwaambukiza fereti, na hadi leo ndiye mnyama wa maabara wa ugonjwa huo. Desemba 2024, jimboni Oregon, chakula kibichi cha bata mzinga kilirudishwa kutoka sokoni baada ya paka wa nyumbani kufa kwa H5N1, virusi vya mafua ya ndege. Kwa sasa, kuku na bata mbichi wa viwandani nisingempa fereti bila kuwapika, au bila mtengenezaji kueleza kwa maandishi namna anavyoua virusi. Kopo limeshapikwa, halina shida hii. Hakikisha tu limeandikwa kuwa ni chakula kamili, kwa kuwa makopo mengi mazuri ya nyama tupu ni ya nyongeza, hayana kalsiamu wala vitamini za kumtosha kila siku.

Insulinoma

Fereti wa makamo, hasa kuanzia miaka mitatu au minne, hupata uvimbe wa kongosho unaotoa insulini kupita kiasi. Sukari ya damu hushuka, miguu ya nyuma hulegea, mate hutoka, mnyama hukwangua mdomo kwa kucha na kukodoa macho bila kuona. Wanga mwingi kwenye chakula unashukiwa kuichosha kongosho miaka nenda rudi. Hakuna aliyethibitisha kwamba wanga ndio chanzo, na fereti wa chakula kizuri pia huugua. Ila kwa aliyekwisha kuugua ushauri hauna utata: nyama na mafuta, milo ya karibu karibu, bila sukari. Vitafunio vya zabibu kavu, ndizi kavu na zile pasti zenye molasi au sharubati ya mahindi visifike nyumbani. Akianguka, mpake asali kidogo kwenye ufizi, usimmiminie mdomoni akiwa hajitambui, akiamka mpe nyama, kisha nenda kwa daktari.

Bei kwa nishati

Bei kwa kilo inadanganya. Linganisha kwa kilokalori 1,000. Kwa gramu 100, zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5 na wanga kwa 3.5, ujumlishe. Zile punje za mfano za kwanza zinatoa 126 + 153 + 87.5, karibu kilokalori 366. Punje za supamaketi zinatoa karibu 330. Kopo linatoa 96 na nusu. Fereti wa kilo moja anayehitaji kama kilokalori 200 kwa siku atakula gramu 55 za punje za kwanza, au 61 za supamaketi, au 207 za kopo.

Tuseme mfuko wa kilo 2 wa punje za kwanza ni paundi 16: una kilokalori 7,330, hivyo 1,000 zinagharimu paundi 2.18. Za supamaketi kwa paundi 9 ni 1.36. Kopo la gramu 400 kwa 1.80 ni paundi 4.66. Kopo ni ghali maradufu na zaidi. Mwenye bajeti finyu anaweza kutoa robo ya nishati kwa kopo na iliyobaki kwa punje nzuri. Tofauti kati ya punje nzuri na za supamaketi kwa mnyama mmoja ni kama senti 16 za paundi kwa siku.

Kubadilisha na kuhifadhi

Badilisha kwa siku 10 hadi 14: robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu. Akichambua na kuacha punje mpya, zisage unga, zipake juu ya zile za zamani kwa maji ya uvuguvugu. Usimshindishe njaa ili akubali, maana mwili wake hauna akiba ya kusubiri siku nzima, na mwenye insulinoma hawezi hata nusu ya hapo. Kwa kuwa chakula hupita kwa saa nne, kinyesi hutoa majibu siku hiyohiyo. Kikiwa laini, cha kahawia, chenye umbo, endelea. Kikiwa na chembe kama mbegu za ufuta, mafuta na protini havimeng'enywi, basi rudi hatua moja nyuma. Kikiwa cha kijani chenye ute kwa zaidi ya siku moja, acha kubadilisha na umwone daktari. Kinyesi kikiongezeka sana bila mnyama kula zaidi, chakula kipya kina vitu vingi asivyovitumia.

Mafuta ya asilimia 20 huchacha yakikutana na hewa, joto na mwanga, na yakichacha huharibu vitamini E kwanza. Mfuko uliofunguliwa uishe ndani ya wiki nne hadi sita. Fereti wawili wanaokula gramu 110 kwa siku humaliza kilo 2 kwa siku 18. Mfuko wa kilo 10 kwao ni miezi mitatu, hata ukiuzwa nusu bei. Ukiununua, gawa mafungu ya kilo 2, toa hewa, weka kwenye friza. Usimimine punje moja kwa moja kwenye ndoo ya plastiki: mafuta hujipaka ukutani, huchacha, na kuambukiza kila mfuko utakaofuata. Weka mfuko wenyewe ndani ya ndoo, na namba ya toleo na tarehe ya mwisho ibaki inasomeka, kwa sababu siku chapa ikirudishwa kutoka sokoni, namba hiyo ndiyo utakayoulizwa.